Huduma za halmashauri yetu: nyota 2 kati ya 5, na hela yangu bado iko kwao

Habari zenu wapendwa. Naandika hii kwa mtu yeyote mwenye mgahawa, duka la stesheneri, gereji, ukumbi, au anayekodisha viti na maturubai, ambaye anafikiria kufanya kazi na halmashauri. Watu wanaandika maoni kuhusu hoteli, mabasi na simu, mimi nimeona niandike kuhusu halmashauri maana ndo niliyofanya nayo biashara muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote hapa mjini. Inanitoza ushuru, inanipa leseni, imetukopesha kwenye kikundi, na mimi nimeiuzia chakula. Sitaji ni halmashauri ipi na sitataja jina la mtumishi yeyote, wengi wao ni watu tunaosali nao na watoto wao wanasoma na wangu, ninachotaka ni mjue kazi inavyokwenda ili ukiamua kuwauzia uamue ukiwa unajua.

Nimetoa nyota 2. Nilikuwa naenda kutoa 1 nikakumbuka kituo cha afya na yule dada wa leseni, nitafika huko.

Nianze na hela maana ndo inayoniuma.

Machi 2024 nilipigiwa simu kuna semina ya watendaji wa kata na vijiji, siku 4, watu 62, chai ya asubuhi 3,000 na chakula cha mchana 7,000, kwa hiyo kila kichwa elfu 10 kwa siku. Piga hesabu, ni milioni 2 na laki 4 na elfu 80. Kwa mgahawa wa mama ntilie aliyeanza na meza mbili nyuma ya stendi ya zamani hiyo ni kazi kubwa, nilifurahi sana siwezi kuwadanganya. Kule NeST, mfumo wa serikali wa zabuni wa mtandaoni, nilikuwa nimeshajisajili, kijana wa stesheneri alinisaidia kupakia TIN na leseni na vitu vingine vyote, kwa hiyo nikasema sasa matunda yanaanza kuonekana. LPO, yaani ile oda yao ya maandishi ya kununua, ikaja siku ya pili ya semina, wakati mimi siku ya kwanza nishapika, nishapakua na vyombo nishaosha. Hilo ndo kosa la kwanza na naliweka hapa mapema ili wewe usilirudie: usiwashe jiko kabla LPO haijawa mkononi mwako, hata akipiga bosi wa nani.

Mchele na mafuta nilichukua kwa mangi wa duka la jumla kwa maneno tu, tunaaminiana, nikamwambia wiki 2 kaka hela ya serikali ikitoka nakuletea yote. Nyama nikaongezea na hela ya kikoba. Kazi ikaisha vizuri, watu walikula wakashiba, mtendaji mmoja wa kijiji cha mbali kabisa alikuja jikoni akanishika mkono akaniambia mama asante, hatujawahi kula pilau ya hivi kwenye semina. Ijumaa ile ile nikatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, ya kiasi chote, nikaambatanisha na ankara, orodha ya mahudhurio waliyosaini, nakala ya LPO, nikapeleka nikagongewa muhuri wa kupokea.

Leo ni Mei 2025. Miezi 14. Sijapata hata mia.

Mwanzo nilikuwa naambiwa faili liko ukaguzi wa ndani. Baadae likawa liko hazina linasubiri kuingizwa kwenye mfumo. Mwezi wa 6 wakaniambia subiri kidogo mwaka wa fedha unafunga, na mimi kwa kutojua nikasubiri, kumbe ikifika Juni 30 kama hujalipwa unahama kundi, unakuwa deni la mwaka wa nyuma. Na deni la mwaka wa nyuma ni kitu kingine kabisa, lazima lihakikiwe upya, liingizwe kwenye orodha ya madeni, litengewe hela kwenye bajeti nyingine, na hata likitengewa linasubiri makusanyo yapatikane. Kuna kijana pale uhasibu, ana adabu sana, kila nikiingia ananyanyuka ananiamkia shikamoo mama, halafu ananiambia lile lile, "mama yangu faili lako lipo na halina kasoro, tatizo kasma haina hela." Hilo neno kasma, yaani fungu la bajeti, sikuwa nalijua mimi, sasa nalijua kuliko jina la mtaa wangu.

Kuna siku ya mwezi wa 9 nataka niwasimulie. Nilifika saa 3 asubuhi, akalitoa faili kabatini ili anionyeshe kwamba kweli lipo. Akafungua ukurasa ilipobanwa risiti yangu ya EFD na pini. Ilikuwa nyeupe. Ile karatasi ya mashine inakula maandishi yenyewe ikikaa na joto, ilibaki mistari kama kivuli, namba huisomi, jumla huisomi, kona tu ya nembo ya TRA ndo bado inaonekana kidogo. Tukaangaliana. Akaniambia kwa upole mama hii mkaguzi hataipokea, itabidi ulete nyingine. Nikatoka pale nikakaa kwenye benchi la nje chini ya mwembe, mikono inatetemeka, maana niliona kabisa kwamba kazi yangu ya siku 4 imefutika kwenye karatasi wakati wao wanaitazama. Nikamtafuta fundi wa zile mashine anitolee nakala, nikalipa, nikaenda nikatoa na fotokopi 3. Kwa hiyo ukiuza serikalini, siku hiyo hiyo unayotoa risiti ipige fotokopi na uipige picha kwa simu, karatasi ya EFD haiwezi kusubiri muda ambao halmashauri inakusubirisha.

Na hilo la risiti lina uchungu mwingine ambao watu wa mbali hawaujui. Risiti ukishaitoa, TRA wanaiona. Kwao hayo ni mauzo yangu ya mwaka 2024. Kwa hiyo kwenye hesabu za kodi milioni 2 na laki 4 ilihesabiwa kama mapato yangu, nikalipia kodi hela ambayo sijaishika. Na siku nikilipwa watakata na ile kodi ya zuio juu kwa juu. Mimi sikatai kodi, nalipa na nitaendelea kulipa, lakini naomba mtu mwenye mamlaka alitazame hili, serikali upande mmoja inanidai kodi ya hela ambayo serikali upande mwingine haijanilipa.

Mangi nilimlipa kidogo kidogo, elfu 50, elfu 30, nilimaliza Januari mwaka huu. Hakuniambia neno baya hata siku moja ila aliacha kunipa kwa mkopo na sasa nikienda ananisubiri nihesabu hela kwanza. Hilo nalo ni deni la halmashauri, halijaandikwa kwenye ripoti yoyote lakini liko pale dukani kila nikienda kununua mchele.

Sasa kwa haki lazima niseme na upande wao, kwa sababu nimekaa nikauliza, nimeongea na diwani wetu, nimeongea na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa mweka hazina enzi hizo, na nimeelewa kwamba si kila mahali mtu anakula hela. Kuna wanaokula ndio, kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inataja makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, ambayo hayakufika benki, na hilo linaniudhi kuliko yote. Lakini hata wangekuwa malaika wote, vyanzo vimepungua.

Yule mzee alinihesabia kwa vidole. Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, watu walishangilia na mimi nilishangilia maana baba yangu aliwahi kukimbia mgambo sababu ya hiyo kodi, ni sawa ilifutwa, lakini halmashauri ikabaki inategemea ruzuku ya kufidia. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikaenda TRA, siku hizi unakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme, ilianza elfu 1 kwa mwezi mwaka 2021 na sasa ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, wewe unaiona kwenye meseji ya tokeni lakini haingii kwa halmashauri yako moja kwa moja kama zamani. Mabango nayo yalipelekwa TRA kipindi hicho. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja halipi. Kwa mkulima hiyo ni nafuu kubwa, shemeji yangu analima mahindi aliruka ruka siku hiyo. Ila halmashauri yetu ni ya mazao, geti la mazao pale barabarani ndo lilikuwa ng'ombe wa maziwa, na yule mzee ananiambia msimu wa kwanza baada ya hapo walipofunga hesabu walikaa kimya ofisini nusu saa hamna anayeongea. Desemba 2018 tena vikaja vile vitambulisho vya wajasiriamali vya elfu 20, mwenye kitambulisho alikuwa hatozwi ushuru wa kila siku, nusu ya soko wakawa navyo.

Sasa chukua hizo zote ondoa, halafu mishahara ya watumishi wa mkataba, posho za madiwani, dizeli ya gari la taka, vikao, vyote viko pale pale kwenye mapato ya ndani. Na ndani ya hayo mapato yenyewe kuna asilimia 10 lazima iende mikopo ya vikundi na kuna sehemu kubwa lazima iende miradi ya maendeleo. Ukiuliza kinachobaki cha kumlipa mama aliyepika pilau, ni makombo.

Halafu na wao walikopa. Wizara ya Ardhi ilitoa mikopo ya kupima viwanja isiyo na riba, ule mpango wa kupanga, kupima na kumilikisha, ukipima unauza viwanja unarudisha. Kwetu walipima viwanja kule juu ambako hamna maji wala barabara, nani ananunua? Vipo mpaka leo, vigingi vimefunikwa na majani, mbuzi wanalisha. Wenye mashamba yaliyochukuliwa nao wanadai fidia. Na hili la kukopa kwa mradi ambao watu hawautaki halikuanza huku kwetu, Dar wenyewe walikopa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kujenga Machinga Complex pale Karume, wamachinga wengi hawakutaka kupanda ngazi kuwaacha wateja wapite chini, kodi ya vizimba haikutosha na deni likawa linakua na riba. Kwetu kitu cha namna hiyo ni stendi mpya. Imejengwa kilomita kadhaa nje ya mji, nzuri, ina paa na vyoo vya vigae, na mabasi mengi yanapita tu barabarani bila kuingia, abiria anashukia njia panda anachukua bodaboda. Ushuru wa stendi ukashuka badala ya kupanda. Na sisi tuliokuwa stendi ya zamani wateja wakapungua, kwa hiyo na ushuru wetu ukapungua. Sikutegemea kama mtu aliyesoma angeshindwa kuona hilo kabla, mama yeyote wa stendi angewaambia bure.

Sasa niseme huduma moja moja.

Soko. Tunalipa 500 kwa siku kwa kizimba, kijana anapita na mashine, mwingine mchangamfu mwingine amenuna. Risiti unapewa ukiomba, wengi hawaombi na hapo ndo hela inapopotelea, jamani ombeni risiti, siyo kwa ajili ya kumkomoa yule kijana, ni kwa sababu ile 500 isipoingia kwenye mfumo kesho mnaambiwa makusanyo hayajatosha na mtaro hauzibuliwi. Mtaro wetu upande wa samaki umeziba tangu mvua za mwaka jana. Tulichanga wenyewe elfu 2 kila mtu tukakodi vijana wakazibua, ukaziba tena. Taka zinabebwa mara moja kwa wiki, zamani ilikuwa kila siku jioni, gari ni moja na dereva ananiambia kuna siku linalala kwa kukosa mafuta. Hapo siwezi kutoa nyota.

Leseni. Hapa nawasifia kwa moyo wote. Zamani ilikuwa wiki 2 unazungushwa, siku hizi unaingia TAUSI, mfumo wa halmashauri wa mtandaoni, unapata kontrol namba unalipa kwa simu. Mwaka huu nilikwama, jina langu kwenye TIN lilikuwa halifanani na la kitambulisho cha NIDA kwa herufi moja, yule dada wa ofisi ya biashara alikaa na mimi mpaka saa 11 jioni wenzake washatoka, akapiga simu yeye mwenyewe kwa kutumia vocha yake, tukamaliza siku hiyo hiyo. Hakuniomba soda wala nauli. Watu kama yule ndo wanamfanya mtu aendelee kuwa na imani.

Kituo cha afya. Kilijengwa kipindi kile cha tozo za miamala, mnakumbuka tulivyolalamika, na mimi nililalamika, lakini mwaka jana binti yangu alijifungua pale usiku kwa upasuaji, zamani ingekuwa safari ya hospitali ya wilaya kwenye barabara ya vumbi na pengine tungempoteza. Manesi walikuwa 2 tu usiku ule na walikimbia kama watu 6. Dawa nyingine tuliambiwa tukanunue nje. Hata hivyo mjukuu ninae, anaitwa jina langu.

Mkopo wa asilimia 10. Huu nauweka mwisho kwa sababu ndo umenifanya niandike leo. Mnajua sheria ilirekebishwa 2018 ikawa lazima halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ni kitu kizuri sana na nitakitetea popote. Aprili 2023 ikasimamishwa baada ya CAG kuonyesha mabilioni hayajarudishwa na vikundi vingine havipo hata, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Kikundi chetu cha kina mama 8 tuliomba, tukazungushwa zungushwa mpaka tukapata mwezi wa kwanza mwaka huu, tukanunua majiko makubwa na friza. Marejesho tuliambiwa yaanze Aprili.

Rejesho la kwanza tulichelewa siku 4. Siku 4 tu. Mwenzetu mmoja alifiwa, tulikuwa msibani. Siku ya pili tu nikapigiwa simu mimi kama mweka hazina wa kikundi, siku ya tatu meseji, siku ya nne akaja afisa mpaka mgahawani wateja wanakula, akaniuliza mbele yao mama mnarudisha lini hela ya serikali. Nilinyamaza. Nikamkaribisha kiti, nikampa chai, akanywa, nikamwambia kijana wangu kaa nikuonyeshe kitu. Nikaleta ile fotokopi ya risiti na LPO. Nikamwambia rejesho letu ni laki 2 na elfu 50 kwa mwezi, ninyi mnanidai hiyo kwa niaba ya wanawake 8, mimi peke yangu nawadai karibu mara 10 yake. Kama mko tayari nikubaliane na wenzangu, mkate kwenye deni langu, hao wenzangu watanipa mimi taratibu, na wote tutakuwa tumemalizana.

Alisoma ile karatasi yote. Akaniambia mama haiwezekani, ile ni akaunti nyingine, hela ya mikopo inazunguka haiguswi. Na nilipouliza kwa yule mzee mstaafu akasema ni kweli kabisa na ndivyo inavyotakiwa, wangeruhusu kukatana hivyo mfuko wa kina mama ungeishia kulipa semina, wenye ulemavu wangekosa. Nikaelewa. Nalikubali hilo. Tulirudisha siku ile ile, nilitoa hela ya mauzo.

Lakini ninachowaomba ni hiki, mnajua kuhesabu siku 4. Mna watu wa kupiga simu, wa kutuma meseji, wa kupanda pikipiki mpaka kwa mdaiwa. Basi na sisi tunaowadai tuwekeeni mtu hata mmoja. Sijaomba nilipwe yote kesho, najua hamna. Naomba orodha ya madeni ibandikwe pale ubaoni mnapobandika matangazo ya zabuni, mtu ajue yeye ni wa ngapi, nani amelipwa mwezi huu na kwa utaratibu gani. Kwa sababu nimeona kwa macho yangu mwenye kampuni ya gari kubwa kubwa kaingia juzi na kalipwa, na mwenye chapati na chai anaambiwa kasma. Wenzangu wanaowadai nawajua, kuna fundi seremala alitengeneza madawati, kuna baba wa gereji ana magari yao mawili uani hajalipwa ya mwanzo, kuna kijana wa maturubai ameshafunga biashara. Kila mmoja wetu anadhani ni peke yake. Tukilipwa hata laki moja moja kwa mwezi kwa zamu, sisi tunalipa ushuru, tunaajiri, na hayo makusanyo mnayolia kwamba yanashuka yatapanda, maana makusanyo yenyewe ni sisi.

Kwa anayeuliza kama nitawauzia tena. Nilipigiwa simu wiki iliyopita, kuna kikao, watu 40, chai na vitafunwa. Nikauliza LPO iko wapi, nikauliza hela ipo kwenye kasma au haipo, nikaomba nusu mkononi kabla. Aliyepiga alishangaa kidogo akasema mama umebadilika. Nikamwambia ndio mwanangu. Hajapiga tena, nadhani wamempata mwingine ambaye bado hajui, na ndo sababu hasa nimeandika yote haya, huenda ni wewe unayesoma.

Kwa hiyo ukiitwa: LPO kwanza. Uliza ni kasma gani na ni mapato ya ndani au ni hela ya mradi, kwa uzoefu wa wenzangu ya mradi inatoka haraka kidogo kwa sababu imeshaingia benki. Usikubali kazi ya mwezi wa 4 mpaka wa 6 kama huna uwezo wa kusubiri, maana Juni 30 inakukuta njiani. Peleka nyaraka zako kwa kitabu cha dispachi, asaini aliyepokea. Na usikope kwa mangi wako kwa ajili ya serikali, kopa kwa ajili ya wateja wanaolipa wakishiba.

Baraza la madiwani la robo hii linakaa wiki ijayo Alhamisi, ni mkutano wa wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Baada ya hapo mabaraza yanavunjwa kupisha uchaguzi wa Oktoba 2025, na wanaokuja watakuta madeni wataambiwa si ya kwao. Diwani wetu ameniahidi atauliza swali la wazabuni wadogo, jumla ni kiasi gani na wa zamani kabisa ni wa mwaka gani. Mimi, seremala na baba wa gereji tunakwenda kukaa kule nyuma. Mgahawa ntamwachia binti yangu asubuhi hiyo, na fotokopi nimeshatoa nyingine 3.